Kliniki iliyopima mbele ya baba yangu: maoni kuhusu matibabu ya tezi dume hapa Mtwara

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama chetu cha msingi huko Tandahimba, upande wa Mahuta. Msimu wa korosho ukifunguliwa, kazi yangu ni kupandisha magunia kwenye mizani na kuandika kilo. Karani aliyenitangulia alinifundisha jambo moja ambalo sijaliacha mpaka leo: usiandike kabla mwenye mali hajasoma namba kwa macho yake. Mkulima asimame mbele ya kioo, asome, aitamke, ndipo kalamu iguse daftari. Kama hajui kusoma, mwite mjukuu wake amsomee. Ukiandika kwanza halafu ukamtajia, hata kama hujaiba gramu moja, atalala na dukuduku.

Nimetanguliza hilo kwa sababu ndilo nililotumia kuipima kliniki ninayotaka kuieleza. Ni kliniki ya magonjwa ya njia ya mkojo kwenye hospitali moja ya serikali, Mtwara mjini. Sitaji jina la hospitali wala la daktari, maana nina ya kusifu na ya kulalamikia, na baba yangu bado anatibiwa pale. Ninachopima hapa si usafi wa vyoo wala foleni, ingawa foleni nitaigusa. Ninapima namna madaktari walivyoongea nasi habari ya fedha tangu baba alipogundulika na saratani ya tezi dume. Nimeona madaktari watatu wakipima gharama za mgonjwa yule yule, kwa namna tatu tofauti.

Baba alianza kuamka usiku kwenda haja ndogo mara nne, mara tano, mwishoni mwa 2021. Akasema ni uzee. Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, mama akanipigia simu: "Baba yako hainuki jamvini bila kushika ukuta." Nikamleta mjini. Wakati ule lami ukitokea Mtwara ilikuwa inaishia Mnivata, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari ni vumbi na mashimo, na kila shimo nililiona usoni kwake.

Tulianzia kituo kimoja binafsi. Vipimo walifanya vizuri, siwezi kuwasingizia. Damu ya PSA, kipimo kinachoonyesha hali ya tezi dume, ilisoma zaidi ya 100, juu sana, wakachukua vinyama vya tezi, majibu yakarudi baada ya wiki tatu: saratani, na picha zikaonyesha imeshafika kwenye mifupa ya kiuno na mgongo. Daktari akaandika vidonge vya kuanzia, kisha sindano ya goserelin inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya siku 28. Nikamuuliza itaendelea mpaka lini. Akasema maisha yote. Nikauliza bei. Akasema, "Mtalipia dirishani," akamwita mgonjwa mwingine.

Hayo ndiyo maneno yote tuliyopewa kuhusu gharama. Dirishani dada akatuambia laki tatu na elfu ishirini kwa sindano moja.

Ya kwanza nililipa kwa akiba yangu. Ya pili waliondoka mbuzi. Ya tatu baba alinificha mpaka alipomaliza. Aliuza korosho zikiwa bado hazijatoka kwenye maua, kwa kangomba. Kwa msiotoka kusini, utaratibu wetu ni kwamba korosho hupelekwa kwenye chama, zikaingia ghalani, zikauzwa mnadani, na fedha ikaja benki. Kangomba ni mtu anayekuja na fedha mkononi kabla ya msimu, anakupa kidogo leo, na korosho zikiiva anakuja kuzichukua kwa bakuli kwa bei aliyoipanga yeye. Inakatazwa, na mimi ni mmoja wa wanaosimama kwenye mikutano ya chama kuikataza. Nilipojua, sikuweza kumwambia baba neno. Nilikaa nje ya nyumba mpaka kukucha.

Ya nne haikupatikana. Wiki sita zikapita bila sindano. Hakuna aliyetupigia simu kuuliza mzee kapotelea wapi. Maumivu yakashuka mpaka miguuni, na miguu ikaanza kuwa mizito.

Sina neno baya juu ya dawa yenyewe. Goserelin ni dawa ya kweli na inafanya kazi. Ninachosema ni kwamba daktari aliandika dawa ya maisha yote kwa mtu ambaye kipato chake kinaingia mara moja kwa mwaka, na hakuuliza swali hata moja litakalomwonyesha hilo. Hakupima. Aliacha dirisha la malipo lipime, na dirisha halijui udaktari.

Kwenye hospitali ya serikali tulifika Septemba, tukiwa na cheti cha rufaa. Saa 11 alfajiri tulikuta watu 12 wametangulia. Benchi ni la mbao, halina mgongo wa kuegemea, na kwa mtu mwenye saratani ya mifupa hiyo ni adhabu. Baba alilala chini juu ya kanga ya mama mpaka saa 4 asubuhi. Hili walirekebishe, viti vyenye mgongo si jambo kubwa.

Daktari ni kijana, hajafika 40. Baba alipoingia alisimama. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Akasoma faili lote tukiwa tumekaa kimya, kisha akalifunga.

"Mzee, sindano ya mwisho ulichoma Julai. Ya Agosti ilikwamia wapi?"

Baba akatazama sakafu. Nikajibu mimi: "Fedha, daktari."

"Ndicho nilichotaka kusikia kabla sijaandika chochote."

Akaanza kuuliza. Bima gani? Tukamwonyesha kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile ya 30,000 kwa kaya ya watu 6. Akatueleza kwa upole kwamba kadi hiyo mwisho wake ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kwa dawa za namna hii tusiitegemee. Mikorosho mingapi? Baba akasema 140. Inaanza kulipa lini? Novemba. Nani mwingine anaila fedha hiyo? Wajukuu wawili wako sekondari. Mgonjwa analala nyumba ya nani akija mjini? Nani anampikia? Kila jibu aliliandika. Nimekaa kwenye vyumba vya madaktari mara nyingi maishani, na sijawahi kuona mtu akiandika idadi ya mikorosho kwenye faili la mgonjwa.

Halafu akachukua fomu ya zamani ya maabara, akaigeuza upande mweupe, akapiga mstari katikati. Kushoto akaandika SINDANO, chini yake 13, maana siku 28 zinaingia mara 13 kwa mwaka. Akaniuliza bei tuliyolipa, akazidisha: 4,160,000. Kulia akaandika UPASUAJI, chini yake 1. Akaandika na gharama ya upasuaji pamoja na kulazwa, ikawa chini ya bei ya sindano moja. Na kisha akafanya kile kilichonifanya niandike maoni haya. Aliigeuza karatasi juu ya meza, maandishi yakamwelekea baba, akasubiri. Baba husoma polepole, kwa kidole. Daktari alisubiri kidole kifike chini.

Ndipo akaeleza. Saratani hii chakula chake ni homoni ya kiume, na sehemu kubwa ya homoni hiyo inatengenezwa kwenye korodani. Sindano inazima amri inayotoka kwenye ubongo, korodani zikaacha kutengeneza. Upasuaji unaziondoa korodani zenyewe. Mwisho wa njia zote mbili ni ule ule: homoni inashuka, saratani inakosa chakula. Madhara nayo yanafanana: nguvu za kiume zinaondoka, jasho la ghafla, mifupa inalegea taratibu. Tofauti ni kwamba sindano ukiiacha, homoni inaweza kurudi, na upasuaji haurudi nyuma. Na upasuaji hauhitaji mtu akumbuke tarehe wala atafute fedha mwezi ujao.

(Nilikuja kusoma baadaye kwamba jambo hili alilionyesha Charles Huggins wa Chicago mwaka 1941, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Sindano zilikuja miaka ya 1980. Kwa hiyo upasuaji haukubuniwa kwa ajili ya maskini. Kwa miaka 40 ulikuwa miongoni mwa tiba kuu za kila mtu, tajiri na fukara.)

Nilidhani amemaliza. Akapiga mstari wa tatu pembeni. Akasema kuna dripu za dosetakseli, mara sita, kila baada ya wiki tatu, ambazo zikiongezwa mapema zimeonyesha kurefusha maisha ya wagonjwa kama baba, lakini kwa hali aliyokuwa nayo siku ile, mwili umekonda na hawezi kula vizuri, alihofia zingemwangusha. Kuna vidonge vipya pia, vya bei kubwa. Akavitaja kwa jina. "Mzee, sikuambii ili ukanunue leo. Nakuambia usije ukasikia kwa mtu mwingine ukadhani nilikuficha."

Baba akauliza swali ambalo mimi nisingethubutu. "Mwanangu, ningekuwa mbunge, ungeniandikia karatasi gani?"

Daktari hakukasirika. "Ningekuchorea hii hii, mzee. Mbunge angekuwa na bima, huenda angechagua kushoto kwa sababu hataki kukatwa, na mimi ningemkubalia. Kushoto na kulia kote ni tiba. Ingekuwa kulia ni tiba hafifu, nisingekuwekea kwenye karatasi moja na kushoto."

Nataka hili lieleweke vizuri kwa wanaosema daktari hapaswi kuwaza fedha, akiwaza fedha ameshaacha udaktari. Rafiki yangu mmoja, mwalimu, ananiambia hivyo kila tukikutana: daktari atibu, bei ni ya mhasibu. Mimi nimeona daktari asiyewaza fedha alitufikisha wapi. Alitufikisha wiki sita bila dawa na korosho za wajukuu kwa mtu wa kangomba. Bei ilikuwa ndani ya ugonjwa wa baba kama ilivyokuwa ile PSA, na daktari aliyekataa kuitazama aliuona ugonjwa nusu.

Kabla hatujatoka aliuliza: "Nani mwingine anatakiwa kukubali?" Alijua yuko kusini. Kwetu Wamakonde ukoo unahesabiwa kwa mama, kwa hiyo wenye neno kubwa juu ya baba ni dada yake na wapwa zake, sisi watoto tunafuata nyuma. Daktari akatupa siku nne, si zaidi, kwa sababu ya ile miguu mizito. Alisema uti wa mgongo ukibanwa, mtu anaweza kupooza, na hapo upasuaji wowote hautamrudisha kwenye miguu yake. Akatupa na namba ya wodi, wapwa wakitaka kuuliza wapige.

Kikao kilikaa Jumapili chini ya mwembe. Shangazi alisema neno lililotunyamazisha wote: "Ndugu yangu alitoka jandoni mwanaume. Leo mnataka kumrudisha wapi?" Wapwa wawili walikuwa upande wake. Mmoja akaahidi kuchangia sindano mpaka msimu. Nilikuwa na karatasi mfukoni, nikampa baba. Akaifungua juu ya goti.

"Dada," akasema, "sindano nayo inaniondolea hicho hicho. Kijana kaniambia wazi. Tofauti yake, sindano inaondoka na mikorosho pia. Ile niliipanda na mama yao, shimo kwa shimo. Wacha nikatwe mimi."

Shangazi alilia. Kesho yake alikuwa wa kwanza kuamka kufunga mizigo.

Upasuaji ulifanyika kwa ganzi ya mgongoni, akalala wodini usiku mara mbili. Ndani ya wiki moja alikuwa anajigeuza mwenyewe kitandani. Sitaki kuandika kana kwamba ni jambo dogo. Baba alikaa miezi bila kwenda barazani kwa wenzake, na mama ndiye anayejua mengine. Wodini kitanda cha jirani kulikuwa na dereva wa miaka 50 na kitu, ana kadi ya bima ya NHIF kwa mwajiri wake, yeye alichagua sindano, na daktari yule yule alimhudumia vile vile bila kumkejeli. Hilo nalo liliniridhisha. Karatasi ilikuwa moja, watu wawili waliisoma tofauti.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma, kwenye simu, usiku, namna wenzetu wanavyopima. Nchini Marekani mwaka 2012 madaktari wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, walikataa hadharani kutumia dawa mpya ya saratani ya utumbo mpana, Zaltrap, kwa sababu ilikuwa na bei mara mbili ya dawa iliyokuwepo na haikuonyesha kuizidi. Mtengenezaji akashusha bei kwa karibu nusu. Ulaya, chama cha madaktari wa saratani, ESMO, mwaka 2015 kilitoa kipimo cha kuipa alama kila dawa kwa jinsi inavyomsaidia mgonjwa hasa: inarefusha maisha kwa kiasi gani, inampunguzia au inamwongezea mateso. Uingereza wana chombo kinaitwa NICE ambacho kwa miaka mingi kilitumia pauni 20,000 hadi 30,000 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya kama mpaka wa kuamua dawa ilipiwe na serikali au la. Nilifurahi kuona kwamba kupima si aibu ya maskini. Matajiri nao wanapima.

Ila kwenye mizani zote hizo sikuona safu ya nauli. Wanapima bei ya dawa. Mtu wa Tandahimba anapima dawa, na basi, na chumba cha kulala, na chakula cha anayemsindikiza, na siku za shamba zinazopotea. Daktari wetu hilo alilijua, na nitatoa mfano ulio wazi zaidi.

Mwaka 2023 mfupa wa nyonga ulianza kumuuma baba sana. Alihitaji mionzi, na sisi wa kusini mionzi tunaifuata Dar es Salaam. Daktari akatuambia kuna njia mbili za kupiga mionzi ya maumivu ya mfupa: dozi ndogo ndogo kwa siku 10, au dozi moja kubwa ya Gray 8 (Gray ni kipimo cha mionzi), siku moja. Akasema tafiti nyingi zimelinganisha, na kwa kutuliza maumivu zinafanana. Akaongeza upande wa pili bila kuulizwa: wanaopigwa mara moja, wengi zaidi huja kuhitaji kurudiwa baadaye. Kisha akauliza, "Dar mna ndugu?" Tulikuwa na mpwa Mbagala. Akaandika barua ya kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani, akieleza hali ya mgonjwa, umbali wa makazi yake, na kuomba wafikirie dozi moja.

Kutoka Mtwara mpaka Dar ni kilomita kama 560. Basi linaondoka alfajiri, Lindi, Nangurukuru, Daraja la Mkapa pale Rufiji, mpaka Mbagala. Nilimnunulia baba viti viwili ajinyooshe. Dozi 10 ni wiki mbili za kazi, na kila siku daladala kutoka Mbagala hadi mjini na nyonga ile. Kule walimpima upya, wakakubaliana na barua, wakampiga mara moja. Tulilala Mbagala usiku nne tu. Wiki ya tatu aliniambia nimletee ming'oko, ana hamu nayo, na mtu mwenye maumivu makali hana hamu ya kitu.

Sasa malalamiko, na ninayaandika kwa uzito ule ule.

Mlango haufungwi. Mazungumzo yote haya, ya korodani, ya fedha, ya nani analipa, yalifanyika mlango ukiwa wazi, wanafunzi wa udaktari wanaingia na kutoka, na walioko benchini wanasikia. Baba alishusha sauti mpaka daktari akawa anamwomba arudie. Mzee wa miaka 71 anatajiwa mbele za watu kwamba hana hela. Pazia lingetosha.

Karatasi ile haikuingia kwenye faili. Tuliipata kwa sababu mimi niliiomba. Mgonjwa asiye na mtoto mwenye mazoea ya kutunza makaratasi angetoka mikono mitupu, na daktari wa zamu nyingine asingejua nini kilishapimwa. Hesabu ya fedha ni sehemu ya matibabu, ihifadhiwe kama majibu ya damu.

Na hilo ndilo lililotuumiza Machi 2024. PSA ilikuwa imeanza kupanda tena. Siku ile daktari wetu hakuwepo, tukaingia kwa mwingine, mtu mzima, mpole. Alisoma majibu, akamtazama baba: shati lililofuliwa likapauka, kandambili, bakora. Akasema, "Mzee wangu, tutakuongezea dawa za maumivu, upumzike." Akaandika mofini ya maji na panado. Nikauliza kama kuna kingine. Akasema, "Vipo, lakini si vya kuwasumbua." Tukaondoka.

Naamini kabisa alifanya kwa huruma. Lakini huyu naye alipima gharama. Alipima peke yake kichwani, kwa kutazama kandambili, akaandika, kisha akatusomea namba. Kwangu mimi kosa lake ni kubwa kuliko la yule wa kwanza kabisa aliyetuambia tulipie dirishani. Yule alitunyima hesabu. Huyu alitunyima uamuzi, na alijua anafanya hivyo. Mtu akiamua kuuza shamba ili baba yake aishi mwaka mmoja zaidi, au akiamua kutouza, hiyo ni haki ya ukoo wake. Daktari amwambie mwaka huo ni wa kweli au ni wa kubahatisha, amwambie bei, amwambie na maumivu yake, kisha anyamaze asubiri kidole kifike chini ya karatasi.

(Mofini yenyewe nisiisingizie. Ile ya maji ni dawa ya bei ndogo na ilimfaa sana. Shida ni kwamba mara mbili tuliikosa dirishani.)

Tulirudi wiki iliyofuata siku ya daktari wetu. Muuguzi mmoja ndiye aliyenitonya nirudi, Mungu ambariki. Karatasi nyingine ikageuzwa. Vidonge ni abirateroni, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Dozi ya kawaida ni vidonge vinne vya miligramu 250 kila siku, tumbo likiwa tupu. Chupa ya vidonge 120 inakwisha kwa mwezi mmoja, na bei yake ilizidi ile ya sindano. Baba akasema hapana kabla daktari hajamaliza.

"Subiri mzee." Akatueleza kwamba mwaka 2018 watafiti wa Chicago walitoa majibu ya utafiti wa wagonjwa 72. Nusu walikunywa vidonge vinne tumbo tupu, nusu kidonge kimoja pamoja na kifungua kinywa chenye mafuta kidogo. Chakula kinaifanya dawa ifyonzwe zaidi, na PSA zilishuka sawasawa. Akasema wazi udhaifu wake: utafiti ni mdogo, na uliangalia PSA, haukuangalia watu waliishi muda gani. Madaktari wa nchi nyingi wanautumia pale ambapo mgonjwa angekosa dawa kabisa. Na chakula kisibadilike hovyo, maana mafuta mengi yanaingiza dawa kupita kiasi.

"Unakula nini asubuhi?"

"Uji wa muhogo."

"Wenye nazi?"

"Nazi au korosho za kusaga."

"Basi ule uwe mtupu. Nazi na korosho uzile jioni."

Kwa mtu wa Tandahimba kuambiwa aache korosho kwenye uji ni jambo, lakini anafuata. Anakunywa kidonge kimoja kwa siku pamoja na prednisoloni, na kila mwezi anapimwa presha, madini ya potasiamu na ini. Naomba sana msomaji usijaribu hili kwa mzee wako kwa kusoma hapa. Bila daktari anayepima damu, dawa hii inaweza kudhuru moyo na ini. Kwetu hesabu ilikuwa kwamba chupa moja kwa mwezi hatuiwezi hata tukiuza kila kitu, na chupa moja kwa miezi minne tunaiweza msimu ukikaa vizuri. Mpaka sasa PSA imeshuka na anatembea mpaka msikitini.

Ukienda kliniki hiyo, mchukue na yule anayeshika fedha ya kaya, si yule mwenye elimu tu. Ofisi ya ustawi wa jamii mwulizie mapema, usisubiri mpaka ukwame, maana huko ndiko msamaha wa malipo unakoombwa. Na daktari asipolianza jambo la fedha, lianze wewe, umwulize: tukiishiwa katikati ya dawa hii, mgonjwa atakuwaje? Swali hilo yule wa kwanza kabisa sikumwuliza, na bado linaniuma.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya mlango, benchi na siku ile ya Machi. Ningekuwa nampima daktari yule kijana peke yake, nisingekata hata robo.

Baba ana kliniki tena Jumanne. Karatasi zote mbili ziko kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi yake, na nyuma ya ile ya pili ameanza kuandika mwenyewe kwa penseli idadi ya vidonge vilivyobaki. Asubuhi hii palikuwa na 41.